Basi la Waliolala

Jovita Lubos alikuwa na mume mmoja, lori moja na barabara moja, na kwa miaka kumi na minne hakuwahi kutamani kubadilisha hata kimoja. Mume aliitwa Pisto, fundi wa magari asiyependa kusafiri. Barabara ilikuwa ile inayotoka milimani Atok kuteremka hadi mji wa Baguio, ikipita juu ya migongo ya milima na kujikunjakunja kama uzi ulioanguka kitandani. Lori lilikuwa kuukuu, la kijani, na jina lake Sayote. Siku Pisto alipolipaka rangi, majirani walisema limefanana na sayote iliyokomaa vibaya, ile mboga inayotambaa juu ya kila ua kule milimani. Jina likaganda.

Asubuhi ya tarehe thelathini Oktoba aliondoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, mwanga ukiwa na rangi ya maji ya mchele. Sikukuu ya marehemu ilikuwa imebakiza siku mbili, na Baguio nzima ilitaka maua ya makaburini. Nyuma ya lori, chini ya turubai, zilisimama ndoo kwa ndoo za maua ya kala, meupe, marefu, yenye umbo la faneli, yaliyokatwa jioni iliyotangulia. Pisto alikaza kamba za turubai, akampa mkewe chupa ya kahawa na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye kitambaa.

"Ukungu mzito leo," alisema.

"Ulikuwa mwepesi lini?"

"Nasema tu. Ukifika, nipigie."

"Nikifika nitakuwa nauza. Nikimaliza ndiyo nitapiga."

"Basi mwambie Sayote anipigie yeye."

"Huyo hata honi hupiga akitaka mwenyewe," Jovita alisema, akafunga mlango mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haukuwahi kushika.

Huko Atok mawingu hayatazamwi juu. Yanapita mlangoni, yanaingia jikoni, yanakaa. Asubuhi ile yaliingia hata ndani ya lori kupitia ufa wa dirisha, yakamgusa Jovita shavuni kama kitambaa kilicholowa. Mbele hakuona zaidi ya hatua kumi na tano za lami. Lakini hakuwa anaendesha kwa macho peke yake. Aliposikia maji yakidondoka mwambani, alijua kona ya kwanza imefika. Harufu ya mbolea ya kuku ilimwambia kwamba kushoto kuna mashamba ya kabichi na kwamba sasa barabara itanyooka kidogo. Mbwa mmoja, ambaye hakuwahi kumwona hata siku moja, alibweka mahali pale pale anapobweka kila siku, na Jovita akateremsha gia.

Kulikuwa na kimya cha ajabu. Maua yaligusana nyuma, shii, shii, kama watu wanaonong'onezana kanisani. Injini ilivuma kwa sauti moja tu. Ikafika wakati Jovita akaona kama lori limesimama kabisa, na ni milima ndiyo inayovutwa polepole chini ya magurudumu, ikienda ilikokuwa inaenda. Haikuwa usingizi. Alikuwa macho kabisa, ila macho yenyewe yalikuwa mahali pengine, mahali pa upole.

Ndipo zikatokea taa mbili za njano.

Zilitokea pale ukungu ulipokuwa mzito zaidi, kwenye kipande kilichonyooka, ambapo kulia kwake kulikuwa na korongo lisiloonekana mwisho na kushoto ukuta wa mlima wenye majani na mtaro wa maji chini yake. Jovita alizitazama bila hofu kwanza. Zilikuwa nzuri. Kisha akagundua kwamba zimekaa vibaya. Hazikuwa kushoto, upande wa wanaopanda, maana huko kila gari hushika kulia kwake. Zilikuwa mbele yake, sawasawa na pua ya lori.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba yeye ndiye amepotea. Akautafuta mstari mweupe wa katikati. Ulikuwa kushoto kwake, pale unapotakiwa kuwa. Basi aliyepotea ni mwingine.

Likajitokeza basi zima, refu, limejaa mizigo juu, likipanda taratibu kama nyumba iliyoamua kuhama. Na kwa kuwa mambo yote yalikuwa yamepunguza mwendo, Jovita alipata nafasi ya kuona kila kitu. Alimwona dereva, kidevu kimelala kifuani, mikono ipo juu ya usukani kama ya mtu anayesali. Kando yake konda kaegemea kioo, mdomo wazi. Nyuma yao vichwa, vichwa, vyote vimeinama, vinatikisika pamoja. Basi lote lilikuwa limelala, na lilikuwa linamjia.

Mkono wake ulikwenda kwenye honi. Ukasimama hewani.

Baadaye alijiuliza sana wazo lile lilitoka wapi, maana hakulifikiria kwa maneno. Aliona tu jinsi itakavyokuwa. Mtu anayezinduliwa kwa honi huruka na kuuvuta usukani kurudi upande wake. Na upande wake, ile njia ya mlimani, ndiyo njia pekee iliyobaki wazi kwa Jovita. Akipiga honi, watakutana huko huko. Akauondoa mkono, akauacha usingizi wa yule mtu jinsi ulivyo.

Lakini kutoka pale alipo hadi upande ule, na mzigo wote ule, kwenye lami iliyolowa, lori lingewezaje kufika kwa muda uliobaki? Sayote lilikuwa na ila moja. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye maji, lilivuta kushoto, kama mbuzi aliyeona majani. Pisto alishabadilisha kifaa hiki na kile, akatangaza mara tatu kwamba limepona, na mara zote tatu likavuta tena. Kwa hiyo kwa miaka kumi na minne mkono wa kulia wa Jovita ulikuwa umejifunza kulizuia, siku baada ya siku, bila yeye kuuambia, kama mama anavyomshika mtoto mtundu shati huku akiendelea kuzungumza na jirani.

Sasa alikanyaga breki, na mkono ukaanza kazi yake.

"Acha," aliuambia. Akaulegeza. Kisha akaliambia lori, kwa sauti ya kawaida, "Haya, nenda unakotaka."

Sayote likaenda. Liliondoka kushoto kwa utulivu, bila kuserereka wala kupiga kelele, likavuka mstari mweupe na kupita mbele ya taa za njano. Ubavu wa basi ukaanza kupita kwenye dirisha la upande wa pili, karibu kiasi cha kiganja, dirisha baada ya dirisha. Paji la uso kwenye kioo. Mtoto mwenye kidole mdomoni. Mwanamume mwenye kofia usoni. Halafu dirisha moja lenye kibibi kizee, na macho yake yalikuwa wazi, nayo yalimtazama Jovita bila mshangao, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekuwa akimsubiri.

Magurudumu ya kushoto yakazama mtaroni. Mzizi wa msonobari ukaling'ang'ania turubai, kamba ikakatika, ndoo zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Jovita aliachia breki, akakanyaga mafuta, na lori likapanda kutoka mtaroni likilalamika kama mtu anayeinuliwa kitini. Basi likawa nyuma yake.

Hapo sasa aliiegemea honi kwa mkono wote, akaiegemea na kuiegemea, na siku ile haikuchagua. Ililia mpaka korongo likajibu. Alisikia magurudumu ya basi yakipiga yowe moja fupi. Kisha kimya.

Alizima injini. Alikaa akisubiri sauti ya kitu kikubwa kinachoanguka. Alisubiri muda mrefu. Haikuja.

Aliposhuka, barabara ilikuwa nyeupe. Maua yalikuwa yamelala lamini kutoka kwenye lori hadi pale ukungu ulipoyameza, mengine yamesimama wima kwenye ndoo zilizoangukia kitako, kama yamepandwa pale. Akayafuata. Yalimfikisha kwenye basi. Gurudumu la mbele lilikuwa limebusu kijiguzo cha saruji ukingoni, na zaidi ya kijiguzo hakukuwa na kitu ila weupe.

Dereva alikuwa ameshashuka. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, sweta limepinda, anatembea kumfuata Jovita akikwepa maua kwa uangalifu mkubwa.

"Dada," alisema, "nimekugonga?"

"Hukunigonga."

"Nimeota nimekugonga. Hapana. Nimeota niko nyumbani, mke wangu ananimiminia supu. Nikasikia honi nikiwa mezani. Nikasema, nani ameleta lori ndani?" Akataka kucheka, badala yake akakaa chini, pale pale katikati ya barabara.

"Jina lako nani?"

"Celestino."

"Celestino, mara ya mwisho umelala lini?"

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

Alihesabu kwa vidole, kama mtoto. "Basi Jumanne."

"Wewe ni mwehu," Jovita alisema. Hakupandisha sauti. "Una haraka ya kuzikwa, sawa. Lakini hao wengine uliwauliza?"

"Wenzangu wawili wanaumwa, dada. Sikukuu hii watu wamejaa. Nilitoka Manila jana jioni, na juzi pia nilitoka Manila. Ofisini wakaniambia, peleka hawa Bontoc halafu urudi." Akainua uso. "Usiwaambie abiria. Nakuomba. Mimi sina shamba, nina leseni tu."

Jovita alimtazama. Alikuwa na hasira, lakini ilikuwa mbali, kama moto wa ng'ambo ya bonde. Alinyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

"Dada..."

"Lirudishe kwanza basi upande wake, mimi nitakuongoza. Halafu unipe ufunguo, uingie kwenye lori langu ulale. Nitakuamsha mimi, si mwingine. Mlango ufunge mara mbili."

Alifanya hivyo. Basi liliporudi nyuma na kukaa salama kando ya mlima, Celestino aliweka ufunguo kiganjani mwa Jovita, akapanda kwenye lori, na kabla hajaufunga mlango mara ya pili alishalala.

Abiria walikuwa wanaanza kushuka, wamejifunika mablanketi, nyuso zimekunjamana. Konda alikuja akijifuta macho. Nyuma yake alikuja bwana mmoja mwenye koti la ngozi, saa mkononi.

"Kuna nini? Mbona tumesimama?"

"Mawe yameporomoka huko mbele," Jovita alisema. "Wanayaondoa."

"Nani kasema?"

"Mimi. Natoka huko."

"Kama unatoka huko, wewe umepitaje?"

Jovita aliinama, akasimamisha ndoo iliyopinduka. Hakuwa na mazoea ya kudanganya.

"Kapita kwa sababu kalori kake kembamba," sauti ilisema. Kile kibibi cha dirishani kilikuwa kinashuka ngazi ya basi kinyumenyume, mkono mmoja umeshika begi. "Wewe kijana, acha maswali, shika hiyo ndoo."

"Bibi, mimi nina miaka hamsini na mbili."

"Ndiyo maana nakuona unaweza kubeba ndoo."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha watu wasio na uhakika kama wameamka. Mmoja akainama, akaokota ua. Mwingine akainama. Baada ya muda kulikuwa na watu arobaini ndani ya ukungu, mablanketi mabegani, wanatembea polepole na kuinama, wanatembea na kuinama, wakizungumza kwa sauti ndogo bila mtu kuwaambia. Wengine walitokea na mikono imejaa weupe, wakaweka, wakapotea tena. Mwanamke mmoja alikuwa akiimba puani, kitu kisicho na maneno. Jovita alisimama akiwaangalia, na kwa muda hakuweza kusema kwa hakika kama hawa ni abiria, au ni wale ambao maua yale yalikuwa yakipelekwa kwao.

Alimkalisha kibibi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akammiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Kibibi kiliitwa Sianen, kilikuwa kinaenda kwao kuwasha mishumaa.

"Nilikuona," Sianen alisema.

"Nami nilikuona, bibi. Hukulala?"

"Mimi nilale kwenye basi? Huyo mtoto alianza kusinzia zamani. Kichwa kinashuka, kinapanda. Nikataka kuinuka nikampige kofi, miguu ikagoma. Nikataka kupiga kelele, sauti hii hii unayoisikia, nani ataisikia? Basi nikawa nawaita wangu waliotangulia. Nikamwita mume wangu. Nikamwita dada yangu. Nikawaambia, kama mnasikia, njooni sasa hivi, si kesho." Akanywa. "Likaja lori la kijani."

"Sikuwa mimi, bibi. Ni lori lenyewe." Jovita alitaka kueleza habari ya mkono wake wa kulia, jinsi ulivyolegea na jinsi lori lilivyojua pa kwenda. Maneno yalikuwepo, lakini aliyaona madogo. "Mimi nililiachia tu."

"Lina jina?"

"Sayote."

Sianen alifikiri. "Huyo sikumwita," alisema. "Lakini nashukuru amekuja."

Walikula viazi. Ukungu ulikuwa unapanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Mara tatu Jovita alikwenda kumtazama Celestino kupitia kioo. Mara zote tatu alikuwa amelala vile vile, mkono umeshika kiti cha Sayote kama vile kinaweza kuondoka. Maua sokoni yangekuwa yanauzwa saa hizi, na wanunuzi wake watakuwa wamemtazamia na kwenda kwa wengine. Alilijua hilo. Hakumwamsha.

Zilipita saa mbili na zaidi. Jua liliposukuma ukungu chini ya barabara na bonde lote likawa ziwa la maziwa, Jovita alifungua mlango wa lori.

"Amka. Nawa maji ya ndoo."

Celestino alinawa mpaka shingoni. Macho yake yalikuwa ya mtu mwingine. "Nikifika Bontoc sirudi leo," alisema. "Wala kesho."

"Wakikufukuza?"

"Wanifukuze nikiwa kitandani."

"Vizuri. Na ukisinzia tena, simama. Hata kama ni katikati ya barabara, simama."

"Hatasinzia," alisema Sianen, ambaye alikuwa ameshamwondoa konda kwenye kiti cha mbele. "Nitamsimulia ukoo wetu wote, kuanzia babu wa babu. Ukoo ni mkubwa, na nitamuuliza maswali."

Maua yaliyochubuka yasingeuzika, kwa hiyo Jovita aliwaambia abiria wachukue, kila mtu kwa watu wake. Bwana wa koti la ngozi alikuwa wa mwisho kupanda. Alikuwa amesimama muda mrefu kando ya kile kijiguzo, akitazama alama nyeusi ya gurudumu na kilichokuwa ng'ambo yake.

"Hakukuwa na mawe," alisema polepole.

"Hapana."

Aliitikia kwa kichwa. Akachukua mashada mawili, akapanda, akaketi kiti cha nyuma ya dereva, wima kabisa, saa ameiweka mfukoni. Basi likaondoka na maua meupe kila dirisha.

Jovita aliteremka hadi Baguio bila kufikiri chochote. Alipozima injini sokoni hakushuka, na wachuuzi wakapakua maua yaliyosalia huku yeye amekaa ndani kama mgonjwa. Alimpigia Pisto, akamwambia yote.

"Lilivuta kushoto," Pisto alisema.

"Lilivuta kushoto."

"Kesho nalifungua, nilitibu moja kwa moja."

"Ukiligusa, Pisto, utalala nje."

Akasikia mumewe akipenga kamasi.

Alasiri alirudi na lori tupu. Hakukuwa na ukungu kabisa. Milima ilikuwa imekaa wazi, ya kijani, ngazi za mashamba zikishuka mpaka macho yachoke, na barabara ilikuwa barabara tu. Angepita pale bila kupatambua, ila alimwona mwanamke aliyevaa mabuti ya shambani amesimama kando ya kijiguzo. Abiria walikuwa wamepanga maua pale, yale waliyoshindwa kubeba, kwa unadhifu, mashina yote upande mmoja. Mwanamke alikuwa ameweka mshumaa ndani ya kopo la maziwa na alikuwa akiukinga upepo kwa kiganja.

Jovita alisimamisha lori, akashuka.

"Wewe ni ndugu yao?" mwanamke aliuliza kwa huruma.

"Ndugu ya nani?"

"Waliokufa hapa."

"Hakuna aliyekufa hapa."

Mwanamke alitazama maua, akatazama alama ya gurudumu, akamtazama Jovita. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Maua yalimwagika, basi."

"Mimi nimeshasali," mwanamke alisema, kama aliyekamatwa na kosa. "Nimesali kwa kirefu. Nimelia pia." Akautazama mshumaa. "Sasa nauzima?"

Jovita alifikiri juu ya vile vichwa vilivyoinama, kimoja kimoja, na kidole cha mtoto mdomoni.

"Usiuzime," alisema. "Acha uwake."

Walisimama pale wawili, wakaukinga upepo kwa zamu, wakazungumza habari za kabichi na mvua, mpaka nta ikaisha kwenye kopo. Kisha mwanamke akarudi shambani kwake, na Jovita akapanda kwenye lori, akaufunga mlango mara mbili. Nyumbani Pisto alikuwa amepika. Lakini alipomletea sahani alimkuta mkewe ameshalala kwenye benchi la jikoni, viatu miguuni, na wingu la jioni limeshaingia mlangoni na kukaa.